Kompyuta Iliyouliza Idadi ya Ng'ombe

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu bado umelalia malisho ya Muheto, na Athanasie Umulisa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, paji la uso limeegemea tumbo la mnyama, mikono inakamua. Midomo yake inachezacheza. Anayepita njiani angedhani mama huyu anasali.

Hasali. Anarudia somo la kompyuta la Jumamosi.

"Variable iko kama bido," anasema bila kuinua kichwa, bido likiwa dumu la kubebea maziwa. "Unaandika jina inje, unatia kitu ndani. Leo maziwa, kesho mayi. Jina inabakia ile ile. Siku nilielewa hiyo, nilicheka peke yangu mu njia."

Umulisa ana miaka thelathini na minane. Ni mjane mwenye watoto watatu, na ndiye mchanjaji wa mifugo wa vilima vinne vya hapa Masisi. Daktari wa mifugo akituma chupa za chanjo ndani ya sanduku la barafu, yeye ndiye anayezunguka na sindano. Kila ng'ombe anayechanjwa humpa faranga mia mbili. Maziwa humwingizia kama elfu tano kwa siku, barabara ikiwa wazi. Ikifungwa, wanayanywa wenyewe.

Zamani alikuwa na ng'ombe wengi kuliko sasa. Vita vilipita. Walikuwa wangapi? Hasemi, na sababu yake ndiyo kiini cha habari hii.

Mpaka mwaka jana hakuwa amegusa kompyuta. Mwalimu wake, Muhindo Katembo, ni mfanyabiashara kutoka Butembo, alikosomea kuandika programu kabla ya kwenda kuuza betri na simu kwa wachimbaji wa Omate, kule Walikale. Alihamia Muheto na vibao vya sola na kompyuta nne kuukuu. Siku za kazi huchaji simu za watu. Jumamosi alasiri, jua likiwa na nguvu, hufundisha wanafunzi sita namna ya kuandika programu. Umulisa hulipa lita mbili za maziwa kwa kila somo.

Siku ya kwanza alishika kipanya kama mtu aliyeshika kifaranga, akiogopa kukibana. Muhindo akamwonyesha jinsi ya kuiamuru mashine iandike neno lolote analotaka. Umulisa akachagua salamu ya Kinyarwanda. Alipobonyeza, kioo kikaandika: Mwaramutse.

"Mimi mwenyewe njo nilikuwa nimeiandika," anasema. "Lakini nilijibu."

Baada ya miezi mitatu alitaka kutengeneza kitu cha kazi yake. Chupa moja ya chanjo inatosha ng'ombe ishirini, na ikishafunguliwa haifiki kesho. Miaka yote daktari alikuwa akituma chupa kwa kukisia, mara zikazidi zikatupwa, mara zikapungua. Umulisa akaandika programu ndogo ya kupita nayo kila zizi na kutoa jumla. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: Una ng'ombe wangapi?

Hapo ndipo alipojikwaa, na alijikwaa mahali ambapo mtoto wa mfugaji hapaswi kujikwaa. Kwenye vilima hivi ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Wazee wanasema ukiwahesabu unawapunguza. Hata asiyeamini hilo anajua jambo jingine: miaka ya karibuni, mtu anayekuja nyumbani kwako kuuliza idadi ya ng'ombe kwa kawaida huja na bunduki, na harudi mikono mitupu.

Umulisa amelelewa na haya yote. Ila mbele ya kompyuta aliyasahau. "Masini inapenda namba," anasema. "Nami nikaifuata yeye, nikaacha yetu."

Mzee Ladislas Shyaka, mfugaji wa miaka sabini na mmoja, alimjibu kwa heshima: "Iko ya kutosha." Mashine ikakataa jibu hilo, ikaandika maneno mekundu, ikaganda. Umulisa akamwomba namba yoyote. Mzee akasema kumi, kwa adabu tu, kama mtu anavyosema ameshiba akiwa kwa wenyewe. Wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Kumi, nane, kumi. Kompyuta ikajumlisha uongo huo wote bila kukosea hata kidogo, ikatoa jibu: chupa saba.

Siku ya chanjo ng'ombe walitoka kwenye ukungu kundi baada ya kundi. Kufika saa sita chupa zote zilikuwa tupu, na mifugo bado inateremka kilimani. Umulisa alisimama na sindano mkononi akiwaambia watu warudi nyumbani. Waliobaki bila chanjo walikaa hivyo, maana sanduku jingine halikuja.

Wiki ya tatu ukaingia ugonjwa wa chambavu, ule unaovimbisha paja la mnyama na kumwangusha kwa siku mbili. Ng'ombe tisa walikufa, wote katika wale waliorudishwa. Wawili walikuwa wa mzee Shyaka. Ng'ombe mmoja hapa hununuliwa kwa dola kama mia sita, fedha ambayo familia nyingi hazijawahi kuishika kwa mkupuo.

"Balisema kompyuta yangu njo iliua," anasema Umulisa. Anakamua kwanza, kisha anaendelea. "Haikuwa kompyuta. Ni mimi. Nilisikia haya sana. Wiki mbili sikupita kwa njia ya Papa Shyaka."

Alikwenda kwa Muhindo kuaga masomo. Muhindo hakumbembeleza wala hakumlaumu. "Dada, kosa moja haliachi mke," alimwambia. "Programu yako ilianzia wapi?"

"Kwa namba."

"Na kwenu, bantu banaanziaka wapi kutaja ngombe?"

Umulisa akajibu: "Kwa majina."

Akafuta yote, akaanza upya. Programu ya sasa haiulizi idadi. Inapokea majina, moja baada ya jingine, mpaka mwenye ng'ombe anyamaze. Inajihesabia kimya kimya, na kiooni inatokeza kitu kimoja tu: chupa ngapi zinatakiwa. Kwa kuwa karibu kila zizi lina ng'ombe aitwaye Bihogo, alifundishwa pia kuunganisha kila jina na la mwenye ng'ombe, Bihogo wa huyu asije akamezwa na Bihogo wa yule.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko programu. Sanduku la pili linatarajiwa baada ya wiki mbili. Daktari amesema kama wafugaji wa Muheto hawatatoa taarifa ya chupa wanazohitaji, atalipeleka kwingine. Na wafugaji walikuwa wanamtazama Shyaka. Akikataa yeye, wote wamekataa.

Juzi Umulisa alipiga moyo konde, akafunga kompyuta ya kuazima kwenye kitenge, akapanda mpaka kwa mzee.

"Mama Kétsia," mzee akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "ile kitu umeirudisha tena?"

"Nimeirudisha, Papa. Lakini leo haitakuuliza hesabu."

"Itauliza nini?"

"Majina."

Mzee akaanza, kama wanaume wa umri wake wanavyofanya, akitaja kila ng'ombe pamoja na mama yake na rangi yake. Umulisa aliandika kwa vidole viwili, polepole, na mzee alimngoja bila kuchoka, hata akarudia wengine kwa raha tu ya kuwataja.

"Bihogo, mtoto wa Sine," akasema. Vidole vya Umulisa vikasimama.

"Papa, Bihogo si alikufa?"

"Alikufa. Andika."

"Masini itamuhesabia sindano."

"Hiyo ni kazi ya masini yako. Mimi ninataja ngombe zangu."

Akaandika. Akaandika na Gaju, wa pili aliyekufa. Mzee alipomaliza alimsindikiza mpaka njiani, na kesho yake wafugaji watatu walimtumia Umulisa ujumbe kwamba wanamngoja.

Ndoo imejaa. Umulisa anaifunika kwa jani la mgomba, ananawa mikono, anatoa daftari kwenye mfuko wa sweta. Jumamosi hii Muhindo atawafundisha sharti, namna ya kuiambia mashine kwamba mambo yakiwa hivi, ifanye vile. Umulisa ameshaandika sharti lake kwa Kiswahili, aligeuze kuwa programu huko darasani:

Kama amekufa, jina libaki. Sindano isihesabiwe.

Chini yake ameandika majina mawili ya kujaribia: Bihogo na Gaju.