Kaskazini ya Kicukiro

Nyumba ya Kicukiro niliijenga mwenyewe. Shuleni niliishia darasa la tatu. Nilianza na cherehani ya kukodi kwenye baraza la mtu huko Nyamirambo, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na duka la vitambaa, mafundi wa kunishonea, na kiwanja Kicukiro, ambako siku hizo watu bado walikuwa wanalima maharage. Nikasimamisha nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati mapya na baraza pana. Fundi aliniuliza nataka ielekee wapi. Nikamwambia ielekee barabara, watu wakipita waione. Wakapita, wakaiona.

Aliyekataa kusikia habari zake ni mama yangu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Tulikuwa tukiishi naye Nyamirambo katika nyumba ile ile aliyonizalia, na kila pembe yake aliijua kwa mguu.

"Sihami," alisema.

"Mama, kuna chumba chako peke yako. Kina dirisha la kioo."

"Dirisha nilifanyie nini? Hapa naamka, nagusa ukuta, natandika mkeka sawa na ukuta, nimeelekea kibla. Huko kwenye nyumba yako ya kutazama barabara nitasali nikielekea wapi? Chooni?"

Alisema kweli. Kwa kuwa nyumba ilifuata barabara, kuta zake zilikaa mshazari, na kibla iliangukia kwenye kona ya chumba chake. Asiyeona hawezi kuipata kwa kupapasa. Na mama alikuwa mtoto wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka pwani. Mambo mengine unaweza kumbembeleza, si sala. Bila yeye nisingehama. Ningewezaje kukaa kwenye baraza langu jipya huku mama amebaki Nyamirambo anapikiwa na majirani?

Nikamwambia wajukuu zake watamwelekeza. Mkubwa, msichana, alikuwa na miaka saba, na mdogo wake wa kiume mitano.

"Hao?" mama akacheka. "Hao wanaotia kiatu cha kulia mguu wa kushoto? Haya. Siku watakapojua pande zote nne bila kubabaika, nitahama."

Basi nikawa mwalimu. Nyuma ya duka kulikuwa na ua wenye sakafu. Nikachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikapiga msalaba mkubwa chini, nikawasimamisha katikati. Sikuwachosha na maneno. Mjini ni kaskazini. Kicukiro ni mashariki. Mlima Kigali ni magharibi. Mto Nyabarongo ni kusini. Na ukiwa Nyamirambo, ukitazama mjini unakuwa umetazama kaskazini na kuegemea kidogo upande wa mashariki, na kibla iko huko huko. Kwa hiyo somo la bibi lilikuwa neno moja tu: mkeka, mjini!

Niliwafunga macho kwa kipande cha kitambaa, nikawazungusha mpaka wakapepesuka, nikawafungua na kupiga kelele, "Magharibi!" Wao wanaruka na kunyoosha mkono. Anayepatia anapata andazi. Watoto wa jirani nao wakaja. Kinyozi wa pale kando aliacha kichwa cha mteja nusu, akaja kuchungulia.

"Tajiri, unafundisha watoto au unafundisha jeshi?"

"Lete na wako," nikamjibu. "Wewe mwenyewe hujui kusini iko wapi."

Akarudi kwenye wembe wake. Baada ya muda mfupi wanangu walikuwa hawakosei hata mara moja. Mama alikaa mlangoni akasikiliza, akawauliza mwenyewe, kwa mpangilio na bila mpangilio. Mwisho akasema, "Haya. Fungeni mizigo."

Siku ya kuhama nilimtanguliza mama na watoto kwa gari la kwanza, pamoja na msichana wa kazi, ambaye alikuwa Mkristo na mambo ya kibla hakuyajua. Mimi na mke wangu tulibaki Nyamirambo kufunga duka na kupakia vyombo. Asubuhi yake tukafika na gari la pili.

Nilimkuta mama amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi, kanga mabegani. Hakugeuka.

"Karibu kwako, tajiri. Hebu niambie, jua la asubuhi linafanya nini mgongoni mwangu?"

Nikachungulia dirishani.

"Maisha yangu yote nikimaliza Alfajiri nakaa hivi, na jua linanijia shavu la kulia. Leo limenipiga mgongoni. Ama limehama na sisi, ama nimegeuzwa."

Nikamwita binti yangu. Kaskazini iko wapi? Akanyoosha mkono ng'ambo ya bonde bila kusita.

"Mjini, baba."

Mjini kulikuwa kule kweli. Ila kutoka Kicukiro, mjini kunaelekea zaidi jua linakozama.

"Na mashariki?"

Mdogo wake akanishangaa. "Mashariki si ni Kicukiro, baba? Tumeshafika. Imeisha."

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Mama hakucheka.

"Gari likimaliza kushusha mizigo, litarudi na mimi."

"Mama, nipe mpaka kesho asubuhi. Dereva atalala hapa."

"Mpaka kesho. Jua likinipiga tena mgongoni, usiseme neno."

Siku hiyo sikufungua duka. Niliwachukua watoto uani, nikawaambia wasahau mjini, wasahau Kicukiro, wasahau mlima na mto. Jua halina mtaa, halina karitiye. Popote ulipo linatoka upande wake. Likitoka, linyooshee mkono wa kulia, uso wako uko kaskazini. Jioni linyooshee wa kushoto, uso ni kule kule. Kisha geuza uso kidogo upande wa kulia, kama mtu amekuita na hutaki kumgeukia mwili mzima. Hapo ndipo kibla.

"Na likiwa juu ya kichwa?" akauliza binti yangu.

"Kumbuka asubuhi lilitokea wapi."

"Na mawingu?"

"Hata siku ya mawingu kunapambazuka upande fulani. Tazama huko."

Niliwazungusha ndani, nje, jikoni, barazani. Jioni mdogo alikuwa anamwambia msichana wa kazi kwamba sufuria yake imeelekea kusini.

Alfajiri bado giza. Watoto wakatandika mkeka kwenye chumba cha mama, wakabishana kwa kunong'ona, wakauvuta ukakaa mshazari, ncha yake kwenye kona. Tukasali. Halafu hakuna aliyeondoka. Mke wangu alisimama mlangoni, dereva alikuwa nje anapasha gari moto, na sisi sote tunangoja jua kama watu wanaongoja mgeni. Dirisha likawa jeupe, likawa la manjano. Mwanga ukagusa bega la mama, ukapanda.

Akaweka kiganja kwenye shavu la kulia, akakiacha hapo.

"Limefika," akasema. "Mwambie dereva aende, anatutia moshi."

Mimi kazi sipendi kuiacha nusu. Wiki ile ile nikaleta saruji, niweke mstari ulioinuka kidogo kwenye sakafu ya chumba chake, aukanyage na kujua kibla bila kumtegemea mtu. Nilikuwa nachanganya nje ya dirisha lake aliposikia koleo.

"Unafanya nini hapo?"

Nikamweleza, nikijua atanisifu.

"Nani kakuomba mstari?" akasema. "Ukishauweka, hawa watakuja kwangu kufanya nini? Mwaga."

Ndani ya chumba mdogo alikuwa anampanga kwa sala ya Adhuhuri. "Bibi, kulia. Kidogo tena. Aa, umezidi! Rudi."

Saruji ikishalowa haingoji mtu. Niliimwaga kwenye mfereji wa nyuma, nikausawazisha kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo mfereji ule haujapata ufa.