Injini Huulizwa Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fundi Mkuu wa karakana ya kilimo pale Ikwiriri, mtu mfupi aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa dukani, alinisimamisha mbele ya matrekta yaliyolala uani, akaniamuru niyawekee kiganja kwenye bloku ya injini, moja baada ya jingine.

"Unasikia nini?"

"Baridi, mzee."

"Sasa yawashe. Yatakayokataa, hayo ndiyo kazi yako."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa heshima ya ajira. Niliporudi nyumbani mama aliuliza kama nimeajiriwa karakana au tanuru la mkaa.

Somo lile nililielewa baadaye. Injini ya dizeli haina cheche kama ya pikipiki. Pistoni inapanda, inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, kisha nozeli inapuliza dizeli, nayo inaungua. Ringi za pistoni zikilika, hewa inavuja, joto halifiki, injini inakohoa bila kushika. Lakini ukishaichemsha, hata mbovu inawaka kwa adabu zote. "Injini usiiulize habari za mchana," alisema Fundi Mkuu. "Mchana kila mtu ni mzima. Iulize imeamkaje."

Vijana huniambia, mzee, hapa Rufiji tunatoka jasho hata msibani, baridi iko wapi? Baridi ninayosema si ya kuvaa sweta. Ni ile ya chuma kilicholala usiku mzima bila kazi. Trekta kubwa linaweza kuistahimili. Haya madogo ya mtumba, yanayoshuka bandarini na maandishi tusiyoyasoma, mengi yana plagi za joto, vijiti vya kupasha moto ndani ya silinda kabla hujazungusha stata, ile mota ya kuwashia. Plagi zikifa, asubuhi yako imekufa pia.

Kutoka Ikwiriri nilihamishiwa Kibiti, kwenye chama cha ushirika, chini ya Meneja. Meneja alikuwa mwungwana wa kupindukia. Tulikwenda kununua trekta, tukakaribishwa ndani, tukaandaliwa chai na mihogo ya nazi. Kule nyuma ya nyumba injini ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nilipotaka kuinuka, Meneja akanikanyaga mguu. "Kaa. Maliza kwanza chai ya watu." Tulipotoka trekta liliwaka kwa mguso mmoja, Meneja akalisifu kama mkwe, tukalinunua. Kesho yake pale Kibiti lilinuna. Tukalisukuma watu wanane, nikahesabu tena, wanane, na Meneja akiwa wa tisa, tai begani. "Injini nayo ni kiumbe," akanieleza huku akihema, "ina siku zake." Zilikuwa siku zote.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika pwani hii kikombe cha chai ni chombo cha ufundi. Huwezi kukikataa, na wakati unakinywa, mtu anapasha injini.

Miaka ikapita, nikapewa usimamizi wa mitambo, na karibu na mwisho wa utumishi wangu akanijia Bi Mwanahawa wa Mkongo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa mpunga, mwanamke anayekuuliza swali huku ameshajua utakwama wapi. Msimu uliopita walikodi trekta, mwenye trekta akawazungusha mpaka mvua ikawapita na mashamba yakabaki nyasi. Walikuwa wamechanga kwa misimu mitatu. Safari hii walitaka trekta lao, dogo, nalo lipatikane kabla ya mvua. Wakikosea, hakuna mchango mwingine.

"Kaka," akaniambia, "mimi sitaki trekta zuri. Nataka trekta linaloamka."

Habari za trekta zilitoka kusini, kwenye vilima vya Umatumbi, kwa mkulima aitwaye Mzee Mkumba. Tukaenda mimi, Bi Mwanahawa na wenzake wawili. Tulifika alasiri. Trekta lilikuwa jekundu, limeoshwa, limeegeshwa kwenye mteremko mbele ya nyumba, na chini ya gurudumu la nyuma pamewekwa jiwe kubwa.

Lile jiwe nililitazama mara mbili. Mtu wa milimani akiwa na injini inayokataa stata, huegesha mteremkoni, asubuhi anaondoa jiwe, trekta linaserereka, anaachia klachi, linawaka. Akili nzuri kabisa. Lakini Mkongo ni bonde. Pale hata maji huwaza kabla ya kutiririka.

"Karibuni ndani, chai tayari," akasema Mzee Mkumba.

"Ahsante sana, mzee wangu. Mimi mgongo unanisumbua, nitainywea hapahapa." Nikakaa juu ya trekta, kikombe mkono mmoja, mwingine kwenye bloku. Ilikuwa ya moto kuliko chai.

"Injini imetoka kazini?"

"Jua hilo, bwana. Jua la huku kali."

"Kali kweli. Limeingia mpaka chini ya boneti."

Bi Mwanahawa akatazama pembeni na kujifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Nikamwambia mwenyeji kwamba trekta tumelipenda, ila wenzangu wamechoka na barabara, tungeomba malazi. Uso wake ukafanya hesabu. Lakini mtu wa pwani atamfukuzaje mgeni aliyeomba pa kulala, tena mbele ya mkewe? "Nyumba yenu hii," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kabla ya magharibi nikaomba trekta tulishushe uwanja wa mpira uliopakana na ua wake, pale palipo tambarare. "Wageni tuna woga," nikasema, "tusije tukasikia jiwe limeteleza." Ufunguo akauomba Bi Mwanahawa, akaufunga kwenye pindo la kanga, akaenda kulala chumba kimoja na mama mwenye nyumba.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekalia vilima. Nikaweka kiganja, baridi safi. Bi Mwanahawa akafungua pindo, akanipa ufunguo. Nikazungusha. Stata ilipiga kazi kwa nguvu, bomba likatoa moshi mweupe, injini haikushika. Mara ya pili, vilevile. Wenzake Bi Mwanahawa wakatazamana. Naona walikuwa tayari wanaliona shamba la mpunga likiota nyasi.

Mzee Mkumba akakaa juu ya nyasi zenye umande. "Imekufa," akasema. "Tangu msimu uliopita. Nimeona aibu kuwaambia. Kama mnalitaka, chukueni kwa nusu ya bei, nami nipumzike kutafuta mteremko."

Nusu. Nimepatana bei maisha yangu yote na sijawahi kushushiwa hivyo bila kufungua mdomo. Lakini nusu ya trekta lililokufa ni ghali bado, kwa hiyo nikaendelea kukagua. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuungua. Ukiwa wa bluu, ni oili, na oili ikipanda ringi zimekwisha. Nikafungua kifuniko cha oili, mmoja wa wenzake Bi Mwanahawa akazungusha stata, nikaweka kiganja juu ya tundu: pumzi kidogo tu. Basi silinda ni nzima, hewa haivuji. Nikafuata waya wa plagi za joto kwa kidole mpaka nyuma ya betri. Umekatika, na alama za meno. Panya.

Nikamvuta Bi Mwanahawa pembeni, nikamweleza. Injini haijafa, haijapata joto tu. Waya wa urefu wa mkono utaifufua. "Tukae kimya, tulipe nusu, tuondoke."

Akanitazama. "Nimelala kitanda kimoja na mkewe. Amenipa shuka lake la arusi. Mwambie."

"Dada, biashara..."

"Ukinyamaza, nitamwambia mimi, nami sijui majina ya vyuma. Nitamwambia vibaya."

Nikamwambia. Nikaunga kipande cha waya kutoka betri hadi kwenye plagi, nikahesabu mpaka ishirini, nikahesabu tena, nikazungusha. Injini ikashika hapohapo, moshi ukakatika, ukungu mzima ukatetemeka. Mzee Mkumba akainuka, akalizunguka trekta lake kama mtu aliyekutana na ndugu aliyemsomea hitima.

Kisha akasema, "Basi siuzi."

Bi Mwanahawa hakubadilika uso. Mimi nilijilaumu, maana mvua ilikuwa njiani na mwenye kosa la kusema ukweli nilikuwa mimi. Nikazima injini, nikashuka taratibu.

"Ni haki yako, mzee wangu," nikasema. "Na sisi hatuna haraka. Tutapumzika kwako hapa mpaka moyo wako utulie. Wenzangu wanapenda sana mihogo ya huku."

"Na samaki," akaongeza Bi Mwanahawa.

Kutoka uani, alikokuwa akikuna nazi tangu alfajiri kwa ajili ya wageni wanne, mkewe akaita, "Mzee Mkumba."

"Naam."

"Uza."

Akauza. Si kwa nusu, si kwa bei ya jana. Mahali fulani katikati ambapo kila upande ulinung'unika kidogo, na hiyo ndiyo bei ya haki. Mkewe akatufungia mihogo ya njiani, naona kwa furaha ya kutuona tunaondoka.

Mimi sasa nimestaafu, nakaa Kibiti. Vijana wakinijia kuuliza wanunue trekta la aina gani, nawauliza wao wataliegesha wapi, nani atalisikiliza likiamka. Rangi sina la kuwaambia. Chai nawaambia wanywe, ila nje.

Kila msimu wa kulima, kabla sijamaliza kujifunika shuka tena baada ya swala ya alfajiri, simu inalia. Ni Bi Mwanahawa. Hasalimii. Anaisogeza simu kwenye injini, nasikia stata ikizunguka, mara moja, mara mbili, kisha ule mngurumo unajaa sikio. Nasubiri mpaka utulie.

"Limeamkaje?" namuuliza.

"Salama," anasema, anakata, kwa sababu bonde lote la Mkongo linamsubiri.