Nyama ya Kanisani

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, mimi nilikuwa na siri yenye ndevu ndani ya nyumba. Nyumba za wafanyakazi hapa Walukuba ni vyumba viwili tu, na ukuta ni mmoja na wa jirani. Ukipiga chafya, anakujibu afya. Katika chumba cha nyuma nilimficha mzee Mnubi, Muislamu, jirani yetu wa miaka mingi. Hakuwahi kushika bunduki, lakini watu wa kabila lake walijaa katika jeshi lile, na siku zile hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza nani alifanya nini. Alichoshika yeye ni kisu. Krismasi, Pasaka, harusi, matanga, hata sisi Wakristo tulimwita yeye achinje, ili kila jirani akae ale bila wasiwasi. Wachinjaji Walukuba nzima walikuwa wawili, yeye na mwanawe aliyemfundisha mwenyewe.

Mwana alitangulia kutafuta lori la kuwapeleka Mbale, kwa ndugu zao wa Namatala. Siku ya tatu, kwenye bomba la maji, nikasikia wanawake wakisimulia kwamba aliteremshwa njiani, akauawa, akazikwa huko huko. Nilirudi na ndoo nusu. Mzee akauliza, "Habari ya mtoto?" Nikasema bado. Tangu mwanawe aondoke alikuwa ameacha kula, anakunywa maji tu. Ningemwambia angenifia mle ndani, na maiti ningeipitisha wapi?

Viwanda vilikuwa vimefungwa na maduka yameporwa, kwa hiyo kanisa letu likaanza kupikia wenye njaa. Nilikuwa mmoja wa akina mama wa sufuria. Nyimbo za kushukuru niliziimba kwa sauti kubwa kuliko wote, huku moyo ukinisuta, maana mwenye njaa wangu sikuweza kumtaja. Katekista alijua watu wa kila nyumba: kwangu sahani tatu, mimi na binti zangu wawili. Ningeomba ya nne, angeuliza ni ya nani. Basi nikawa nampelekea mzee sahani yangu, naye anaisukuma pembeni. Nasema kweli, hasira zilinipanda. Nimefungiwa na mtu mzima anayesusa, nami siwezi kumfukuza wala kumlilia mtu yeyote!

Jumapili moja Mkristo mmoja kutoka Wanyange akaleta ng'ombe. Tukamfunga miguu, tukamlaza, tukasimama tukingoja kwa mazoea, mpaka tukaanza kutazamana. Hakuna aliyethubutu kusema tunamngoja nani. Mwishowe katekista akakunja mikono ya shati, akachinja mwenyewe, vibaya, mnyama akahangaika sana. Wanawake kadhaa walilia, na hawakuwa wakimlilia ng'ombe.

Nilibeba sahani yangu chini ya kitenge hadi nyumbani. Harufu ya mchuzi ikamwinua mzee kutoka kwenye mkeka. Akanyoosha mkono, kisha akausimamisha hapo hapo.

"Mama, hii nyama nani alichinja?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimepokea komunyo. Nikajibu, "Muislamu, mzee. Kula."

"Muislamu gani? Hapa wa kuchinja ni mimi na mtoto tu." Akanitazama, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Amerudi? Mama, mtoto amerudi?"

Nikisema hapana, nyama haramu. Nikisema hapana, mtoto hayupo.

"Amerudi," nikasema.

"Alhamdulillahi! Asikuje hapa, watamwona. Wewe mwambie baba anakula, baba ako na nguvu."

Akala. Alimaliza nyama yote, akapangusa mchuzi kwa tonge la posho, akauliza kama ipo nyingine. Nilikaa sakafuni nikimtazama, nimefurahi kama mama ambaye mtoto wake ameacha kuumwa, na papo hapo nikitamani ardhi inimeze. Jioni nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu msamaha kwa uongo wa nyama. Ule wa mtoto sikuutaja. Asubuhi mzee aliamka akitaka chai, na kabla hajaigusa aliuliza kama nimefikisha salamu zake kwa mtoto.