Siku Kaka Yangu Alipokataa Kuongoza

Desemba ile tulikuwa tunapukuchua mahindi nyumbani kwetu Naitiri. Mashine ilikuwa imefungwa nyuma ya trekta ya kukodi, ikinguruma tangu asubuhi, na vumbi la magunzi lilikuwa limetupaka weupe sote hadi kwenye nyusi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni sajenti wa jeshi, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa ametoka Somalia miezi michache kabla, na ilipangwa arudi huko mwezi wa tatu. Siku hiyo alikuwa akilisha mashine kwa debe, amevua shati, huku akitaniana na dereva wa trekta.

Trekta ikatoa mlio. Mmoja tu, paa! kama zifanyavyo trekta kuukuu. Nilipogeuka, niliona debe likibingirika na kaka hayupo. Alikuwa amemrukia mama, aliyekuwa akishona magunia hatua kumi kutoka hapo. Alimwangusha nyuma ya rundo la mahindi, akamlalia juu, mkono wake mmoja umemfunika kichwa. Alikuwa akipaza sauti kutoa amri kwa watu ambao sisi hatukuwaona.

Dereva alizima injini. 

"Papa," mama akasema kutoka chini yake. Humwita papa kwa sababu kaka alirithi jina la babu yetu, baba mzazi wa mama. "Papa, ni trekta. Wacha niamke."

Kaka aliinuka polepole. Kifundo cha mkono wa mama kilikuwa kimeteguka na tayari kilianza kuvimba. Aliutazama ule mkono, kisha akaenda nyuma ya ghala.

Jirani mmoja aliyekuja kutusaidia akanong'ona kwamba huyo kijana ameingiwa na pepo, heri aombewe. Mama alikuwa akipangusa vumbi kwenye leso yake. "Mwanangu amenikinga," alisema. "Kama ni pepo, basi huyo pepo ananipenda." Akaniambia nimfuate kaka.

Nilimkuta amekaa chini, mgongo ameubana kwenye ukuta wa ghala. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kuwabembeleza watoto, lakini sikujua pa kuanzia na mtu mzima mwenye mabega yale.

"Mama ako sawa?" aliuliza.

"Ako sawa. Mkono utapona. Ni nini, lakini?"

 Aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote. Kambini, wiki mbili kabla ya likizo, walikuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Watu tisa walio chini yake walikuwa wamelala kifudifudi wakingoja amri yake. Alifungua mdomo, na neno halikutoka. Alisimama hivyo hadi koplo wake akaitoa amri kwa niaba yake, na baadaye wote wakajifanya hawakuona kitu.

"Hao vijana wananipenda, ndiyo maana wananificha," alisema. "Mwezi wa tatu tutakuwa kule. Pale hakuna mtu atangoja nikumbuke neno. Nikinyamaza hivyo, nitarudisha wangapi hai kwa mama zao?"

Nilimwambia aombe kubaki. Alicheka kicheko kikavu. "Wewe hujui jeshi, bana. Ukisema kichwa yako haiko sawa, umejimaliza. Ati sajenti ameogopa."

Hata hivyo, wiki hiyo hiyo alikubali twende Kitale, kwenye kliniki ndogo ambako alikuwako mshauri nasaha niliyesikia habari zake kupitia mwalimu mwenzangu. Alikuwa mama mtu mzima, muuguzi wa zamani, mwenye sweta la kijani na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Nilitegemea kaka atatoka baada ya dakika kumi akisema tumepoteza siku. Alikaa ndani kwa muda wa karibu saa mbili, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Tulitembea hadi sokoni tukanunua ndizi. Hapo ndipo alipozungumza.

"Ameniuliza nalala namna gani. Nimerudi tangu mwezi wa saba, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza hiyo."

Niliona haya, maana hata mimi sikuwahi kumuuliza. Mshauri alikuwa amemweleza kwamba mwili wake ulijifunza kule kujilinda upesi kuliko akili, na haujaambiwa kwamba amefika nyumbani. Ni jeraha, alimwambia, na linatibika, ila si kwa kulifunika. Kaka alirudi Kitale mara tatu kabla likizo haijaisha.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Siku aliyoripoti kambini, hakungoja mtu amgundue. Alikwenda moja kwa moja kwa kamanda wake, akapiga saluti, akasema, "Afande, sifai kuongoza watu wangu mwezi wa tatu." Akaeleza yote, ila hakumtaja koplo aliyemfichia. Kaka anasema kamanda aliinuka, akafunga mlango, akamwambia aketi.

Watu wake tisa waliondoka bila yeye, wakiongozwa na koplo. Kaka alipelekwa kwa matibabu, na kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kugawa viatu na blanketi stoo. Walikuwako waliomcheka. Mmoja alimwita bibi wa stoo mbele ya makuruti. Alinisimulia hayo kwa simu kwa sauti ya kawaida, kisha akauliza kama kifundo cha mama bado kinauma wakati wa baridi.

Koplo aliporudi, mtu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa kaka. "Sajenti," alimwambia, "na mimi sasa silali." Wakaenda kwa daktari wa kambi pamoja. Baada yao wakaenda wengine wawili. Leo kaka amepona kiasi cha kupewa tena vijana wa kufundisha, na kila kundi jipya huliambia habari za siku ile neno lilipomkwama. Anaamini kuwa askari anayejua dalili zake huwa tayari kuliko anayezificha. Bado milio fulani humshtua. Hafichi hilo pia.

Mwaka jana alialikwa kuongea na familia za wanajeshi katika ukumbi mmoja Bungoma. Nilikwenda na mama. Watu walisikiliza kwa adabu, lakini hakuna aliyeuliza kitu, hadi mzee mmoja mwenye kofia, mfanyabiashara anayeishi karibu na msikiti mjini, akasimama.

"Mwanangu tangu arudi hali mezani na sisi," alisema. "Anachukua sahani, anaenda kula akiegemea ukuta, anaangalia mlango. Naona ni dharau. Nimemgombeza mwezi mzima."

Kaka alishuka jukwaani akamwendea.

"Mzee wangu, usimwite mezani. Chukua sahani yako, uende ukaegemee ukuta na yeye."

Mzee alimtazama, kisha akaketi polepole. Mama akanishika mkono, akaukaza.

Wiki tatu baadaye, Jumapili moja kaka akiwa nyumbani, tukiwa tumetoka kanisani, pikipiki iliingia uani kwetu. Aliyeiendesha alikuwa kijana mrefu, amenyoa kipara, akaulizia nyumba ya sajenti. Alisema baba yake amekula ukutani siku tano mfululizo, mgongo unamuuma na hataki kuacha, na siku ya sita yeye kijana ameshindwa kujizuia akacheka, kisha akalia. Kaka alitoa viti viwili akaviweka chini ya mparachichi, vyote vikitazama lango. Mama aliingia jikoni kusonga ugali.