Huyu wa Chini

Kaka yangu ana nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Donholm. Kimoja analala yeye, cha pili zinalala mashine. Humo ameweka skrini tatu, kiti kinachozunguka na taa ya zambarau ambayo mpaka leo sijui inamulika nini. Anakiita ofisi. Mama, aliyetulea mtaani Shauri Moyo kwa kuuza mapazia ya mitumba, alipoletwa hapo baada ya magoti kukataa kumfikisha soko la Gikomba, alitandikiwa godoro sakafuni sebuleni.

"Ni kwa muda tu, Mathe," kaka alimwambia. Muda wenyewe ukazidi kurefuka, na hakuna aliyeuzungumzia tena.

Jumamosi moja nilitoka kwangu mtaa wa Fedha, kwenye chumba ambacho jiko na kitanda vinagusana, nikaenda anifundishe programu yake ya kuandikia. Mimi hutafsiri vitabu vya shule, na nilikuwa nimechoka kurukaruka kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kaka alinihurumia kwa ile dharau ya watu wa kompyuta. Kwanza alichukua kipanya akakitupa kwenye droo, eti kipanya ni cha watoto.

"Cheki hapa. Kontroli na W, alafu S."

Dirisha likagawanyika, nusu juu nusu chini. Akaligawa tena, na tena, mpaka skrini ikafanana na shamba la urithi la ndugu wasiosalimiana.

"Sasa, kontroli na W, alafu alama ya sawa. Umeona? Wote wanatoshana. Hakuna kudhulumiana."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtetezi wa haki, huku mama yetu akijinyoosha mgongo sakafuni, upande wa pili wa ukuta. Niliitikia kwa kichwa, kwa kuwa nilimhitaji anifundishe.

Tatizo la kaka ni kwamba kwake kila kitu ni "huyu". Simu ni huyu, sufuria ni huyu, na dirisha la kompyuta nalo ni huyu. Ukikaa naye saa moja, ugonjwa unakuingia.

"Na huyu wa chini ni wa nini?" nikauliza.

"Huyo mtoe. Amekaa tu hapo chini anakula nafasi bure. Akitoka, huyu wa juu anapumua."

"Haya, mtoe basi. Nilikuwa nashangaa anafanya nini hapo."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi.

Tulipotoka kwenda kunywa chai, tulikuta godoro limekunjwa. Mama alikuwa amelikalia, leso mabegani, mfuko wa nguo miguuni.

"Nifikisheni tu stejini nipande gari," alisema. "Huyu wa chini ameshasikia."

Sijawahi kumwona kaka akihangaika hivyo, na kusema kweli nilifurahi kidogo. Alishika kichwa. "Ai, Mathe! Ni dirisha! Dirisha la kompyuta!" Akamshika mkono, akamwingiza ofisini, akamkalisha kwenye kile kiti kinachozunguka. Akamwonyesha yote tangu mwanzo: kugawa, kutanua, kubana, kutoshanisha.

Mama alitazama kwa makini. Chumba chetu cha Shauri Moyo kilikuwa kimoja, na pazia la kijani kutoka kwenye kibanda chake ndilo lililokigawa. Aliyekuwa na mtihani alisogezewa pazia apate upande mkubwa. Kaka alikuwa na mitihani kila mara.

"Kwa hivyo huyu anaweza kusogezwa?" mama akauliza.

"Eeh, Mathe. Rahisi sana."

"Na mwingine akaingia?"

"Hata wanne."

"Na hakuna anayefukuzwa?"

"Hakuna, Mathe. Si umeona?"

"Basi, baba, bonyeza hapo kitanda changu kiingie."

Niliangua kicheko. Kisha nikamwangalia mama usoni, kicheko kikanikauka, kwa sababu hakuwa anatania. Alikuwa anaomba, na aliomba kwa lugha ambayo mwanawe angeielewa.

Kaka aliinama nyuma ya meza, akaanza kuchomoa nyaya ili meza isogee. Aliuliza, bila kugeuka, kama kuna misumari popote.

Mama alifungua mfuko wake wa nguo na kutoa lile pazia la kijani. Kumbe alikuwa amekuja nalo tangu siku ya kwanza.