Kuku na Kiatu cha Baba

Mume wangu ni fundi wa fremu, na kwa kufutafuta vitu hana mpinzani. Akiletewa chai, anafuta kikombe, anafuta kisahani, halafu ananitazama mimi kama nami nina vumbi. Kibandani kwake kila picha ya harusi hupitishiwa kitambaa chenye maji kabla ya kuwekewa kioo. Miaka kumi na miwili, hajawahi kuharibu hata moja.

Tatizo lilikuwa mama yangu. Waume wa dada zangu wote anawaita "mwanangu", hata yule anayekoroma mezani. Wangu alikuwa "fundi" tu, kama mtu aliyekuja kuziba bomba. Roho ilimuuma mwenzangu, na mimi ilinichoma zaidi.

Mama alipostaafu ualimu, akaanza kuchora kwa rangi za maji. Akamchora baba ameketi mlango wa nyuma, kuku mwekundu miguuni pake, akaileta picha kibandani.

"Fundi, nitilie fremu. Jumapili nawaita watu waione."

Mume wangu akaona leo ndiyo leo. Jumamosi akaitandaza picha mezani, akaloanisha kitambaa, akafuta kama kawaida yake. Uso wote wa baba ukahamia kwenye kitambaa.

Nilimkuta amekaa sakafuni, kitambaa mapajani. "Mke wangu, nimemfuta baba mkwe."

"Mrudishe!"

"Nimrudishe na nini?"

Akachukua kadibodi nyeupe ya kuzungushia picha, akaitoboa dirisha la kuficha palipoharibika. Akatokea mtu hana kichwa, nikaogopa mwenyewe. Akakata nyingine, dirisha dogo zaidi. Likabaki tumbo limekaa kitini peke yake. Akazidi kupunguza, mpaka kikaonekana kiatu kimoja cha baba na yule kuku, katikati ya fremu pana kama mlango wa kabati.

Jumapili sebule ya mama ilijaa. Shuka lililofunika picha likavutwa. Mama akasogea, akavaa miwani, akatazama, akatazama tena. Mume wangu alitokwa jasho hadi kwenye soksi.

"Mimi niko wapi?" baba akauliza.

"Uko nje, kama kawaida yako," mama akamjibu bila kugeuka. "Wiki tatu nimehangaika na kichwa chako, kinatoka kiazi. Kumbe picha ilikuwa huku chini!"

Watu wakapiga makofi. Jirani mmoja akasema kuku yule ana mawazo mengi, na baba akanuna mpaka keki ilipokuja.

Wakati wa kuondoka, mama alitusindikiza hadi getini. Akamshika mume wangu mkono, akaugeuza, akaziona kucha zake bado zina rangi ya kahawia ya uso wa baba. Nikafumba macho.

"Mwanangu," mama akasema, "siku nyingine tumia kitambaa kikavu."

Njia nzima mume wangu alilia kwa furaha. Hilo la kitambaa hakulisikia kabisa.