Pepo Bubu wa Nyumba ya Mwalimu wa Kwaya

Pepo nililoitwa kulitoa liliniambia, "Mchungaji, rudishia mlango kwanza."

Sikudanganyi, nilishtuka. Miaka yote ya uchungaji nimesikia mapepo yakinguruma, yakilia, yakinitukania ukoo. Hili lilikuwa na adabu.

Ngoja nianze vizuri.

Kanisani kwetu kulikuwa na mwalimu wa kwaya. Mtu mpole, shati limenyooka, akishika maombi hata viti vinataka kulia.

Mkewe ni fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya ameshona yeye. Na alikuwa muongeaji balaa! Unampelekea suruali aipunguze, unarudi na habari za mtaa mzima.

Ghafla akanyamaza.

Hakuugua koo wala nini. Anapika, anafua, anashona, lakini neno hatoi.

Mchana mmoja mama mkwe wake akanipigia simu. "Baba mchungaji, njoo upesi. Pepo bubu limegoma kutoka."

Nikaenda. Sebule imejaa wanamaombi, sauti zimewakauka, jasho linawatiririka. Katikati, juu ya mkeka, kakaa fundi. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani.

"Amekula lini huyu?"

Wakazidi kukemea.

"Nimeuliza, huyu mtu amekula lini?"

"Tumemfungisha, baba," mama mkwe akajibu. "Pepo likishiba halitoki."

Hapo damu ikaanza kunichemka.

Nikaagiza chai yenye sukari na mkate. Nikawatoa wote nje. Kiongozi wa maombi akataka abaki ili "anifunike" kwa maombi. Nikamwambia akajifunike mwenyewe huko uani.

Ndipo pepo likaniomba nirudishie mlango.

Nikarudishia. Fundi akanywa chai, akamaliza mkate wote. Mimi nimekaa tu, nasubiri.

"Sina pepo," akasema. Sauti ilimkwaruza kama mlango uliokaa bila mafuta. "Niliacha kusema kwa sababu kila nikisema, wanasema siyo mimi."

"Kivipi, dada?"

"Mama yangu aliugua. Nikaomba niende nikamuuguze. Mume wangu akasema hiyo si hamu yangu, ni roho ya ukoo wetu inaniita. Nikalia, wakasema pepo linalia. Nikakasirika, wakasema limekasirika kwa sababu linaungua. Simu yangu ikachukuliwa, eti nitulie niombewe. Wakaomba, wakaomba. Mama akafa. Nikaja kuambiwa ameshazikwa."

Akapangusa makombo kwenye gauni.

"Sasa baada ya hapo ningesema nini tena, mchungaji?"

Jamani.  Nikamwongezea chai kikombeni.

Nilitoka nikaenda uani. Wanamaombi wakanizunguka. "Limetoka?"

"Hakuna kilichotoka kwa sababu hakuna kilichoingia! Nendeni makwenu!"

Nikamshika mkono mwalimu wa kwaya, nikamvuta hadi nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji. Nilidhani ni mjinga tu, mtu aliyezidiwa na bidii ya dini. Nikajikaza nimweleweshe taratibu.

"Mwalimu, mkeo hana pepo."

"Najua."

Nikahisi sijasikia vizuri. "Unajua nini?"

"Najua hana, mchungaji." Anaangalia viatu vyake. "Ningemkataza mimi kusafiri, angebisha. Likikataza kanisa, hana pa kubishia. Na akishafika kwao harudi yule. Ana cherehani, ana wateja, mimi ananihitajia nini?"

"Na simu ya msiba?"

"Niliipokea mimi."

Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuigawia kwaya sauti ya kwanza na ya pili.

Ngumi yangu ilishajikunja. Sitajifanya mtakatifu hapa. Kilichonizuia si maombi, ni mama yake mzazi.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo mkononi. Alikuja kuchota maji, akasikia yote.

"Yaani mama wa watu anakata roho," akamwambia mwanawe, "mimi nimemwekea binti yake mikono kichwani, nakemea. Na wewe ulijua?"

"Mama, nilikuwa nalinda ndoa yangu."

"Ulinitumia!" Ndoo ikaanguka. "Mimi, mama yako! Magoti yamenivimba kwa uongo wako!"

Akaingia ndani. Kumbe kaenda kukunja nguo za mkwewe. Waliondoka wawili siku ileile, kwenda kwenye kaburi la yule mama. Begi alibeba mama mkwe.

Unadhani yaliishia hapo?

Wazee wa kanisa wakaniita. Msemaji wao akaanza kwa tabasamu. "Mchungaji, la muhimu dada ameongea. Akirudi atoe ushuhuda, watu watiwe moyo. Hayo ya ndani kwa mwalimu yabaki ndani kwa mwalimu."

"Ushuhuda wa nini? Wa kunyimwa chakula?"

"Usiwe mkali, baba. Kwaya ndiyo inajaza kanisa."

Nikampigia fundi kupitia simu ya mama mkwe, nikamuuliza kama anaridhia niseme.

"Sema," akanijibu. "Mimi nimenyamaza vya kutosha."

Jumapili nikasimama, nikasema. Nikamsimamisha mwalimu kuongoza kwaya, mbele ya watu wote. Nikasema, nikiwa mchungaji hapa, hakuna atakayenyimwa chakula wala simu yake kwa jina la Yesu.

Nusu ya kwaya ikaondoka naye. Wengine hadi leo wakiniona njiani wanavuka upande wa pili.

Wiki iliyopita nimepita nje ya kanisa jipya analosali mwalimu sasa. Spika zinaangalia barabarani, nikaitambua sauti. Anashuhudia! Anaeleza alivyofunga na kumwombea mkewe hadi pepo bubu likamtoka. Watu wanapiga vigelegele, wengine wanalia.

Na fundi hajarudi kwake mpaka leo. Anashona kwao.

Nimekasirika, na hasira hii sina mpango wa kuitubu. Jina la Mungu wangu limegeuzwa kufuli la kumfungia mke wa mtu, halafu mimi naambiwa nisiwe mkali.

Kwa hiyo wewe unayesoma, siku ukiitwa kwenda kukemea pepo la mtu, kabla hujakunja mikono ya shati uliza jambo moja: kabla hajaambiwa ana pepo, alikuwa anaomba nini?